Kuutibu ukumbi unaovuma: mwongozo wa akustika kuanzia kofi la kwanza hadi paneli ya mwisho

Kikao cha wazazi kilifanyika kwenye ukumbi mpya wa shule: sakafu ya marumaru, kuta zilizopigwa lipu safi, dari ya jipsamu nyeupe, spika mbili kubwa pembeni mwa jukwaa. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba mwalimu wa hesabu aliyekwenda masomoni hatarudi muhula ujao. Mzee aliyekaa kushoto kwangu akaniinamia: "Mwanangu, amesema atarudi au hatarudi?" Nikamjibu, hatarudi, mzee. Mama aliyekaa mbele yetu akageuka: "Mbona mimi nimesikia atarudi?" Masikio ya wote wawili yalikuwa mazima. Ukumbi ndio ulioimeza ile "h".

Kiswahili kinabeba maana nzito kwenye sauti nyepesi. Atarudi na hatarudi vinatengana kwa pumzi moja. Tena silabi zetu nyingi huishia kwa vokali, na vokali ndizo zenye nguvu. Katika chumba kinachovuma, vokali iliyotangulia huendelea kulia juu ya konsonanti inayofuata na kuifunika. Ndiyo maana chumba kibovu kinaweza kugeuza ndiyo ikawa hapana mbele ya watu mia mbili, na kila mmoja akaondoka na habari yake.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujifunza kupima na kurekebisha sauti ya majengo: mwanafunzi wa usanifu, fundi ujenzi, mtu wa mitambo kanisani, mwalimu, mjumbe wa kamati ya ujenzi wa msikiti. Vifaa vya kuanzia ni tepu ya kupimia, simu, pakiti ya maputo, kalkuleta na daftari. Jambo nitakalolirudia mpaka mwisho ni hili: chumba kitibiwe kwanza, spika zije baadaye. Nimeona kamati zikichangisha mara mbili na mara tatu kununua mitambo mikubwa zaidi, na kila mara maneno yakizidi kupotea, kwa kuwa kila wati linaloongezwa linaongeza na uvumaji.

Tofautisha magonjwa matatu

Mafundi wengi husema "ukumbi una mwangwi" kwa kila tatizo. Tuyatenge, kwa sababu dawa zake hazifanani.

Mwangwi ni sauti inayorudi peke yake, unaitambua: unasema "haya", ukuta wa nyuma unakujibu "haya". Mvumo ni mkia wa sauti, maelfu ya marudio yaliyoshikana mpaka huwezi kuyatenga. Unapiga kofi na chumba kinaendelea kulia. Ugonjwa wa tatu ni kelele zinazopenya: jenereta la jirani, bodaboda, mvua juu ya mabati, kwaya inayofanya mazoezi chumba cha pili.

Mwangwi na mvumo hutibiwa kwa kufyonza au kutawanya sauti ndani ya chumba. Kelele zinazopenya hutibiwa kwa uzito na kwa kuziba mianya. Sponji ukutani haimzuii jirani kusikia ngoma zako, na ukuta mnene wa zege haupunguzi mvumo hata kidogo. Ukilishika hilo, umeshaokoa pesa nyingi.

Hatua ya 1: Ingia na masikio yako

Kabla hujawasha kifaa chochote, ingia ukumbini wakati hauna watu. Simama katikati, piga kofi moja kali, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka sauti iishe. Kisha tembea ukipiga makofi kila hatua nne au tano: jukwaani, katikati, pembeni, chini ya roshani, nyuma kabisa.

Ukiwa kati ya kuta mbili zinazotazamana zilizo tupu, utasikia kitu kama "trrrrr", mfano wa njiwa anayeruka ghafla. Hiyo ni sauti inayodunda ukuta hadi ukuta. Weka alama mahali hapo kwenye mchoro wako, maana utaparudia.

Ukiwa jukwaani, sikiliza ukuta wa nyuma. Kwa joto la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 18 mbele yako unakurudishia sauti baada ya safari ya mita 36, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Sikio huunganisha marudio yanayofika ndani ya takriban milisekunde 50 za mwanzo na sauti yenyewe, na hayo yanasaidia: yanaikuza sauti bila kuivuruga. Yanayochelewa zaidi ya hapo, yakiwa na nguvu, ndiyo yanayoharibu maneno. Milisekunde 50 ni tofauti ya safari ya mita 17 na nusu. Namba hiyo iweke kichwani, utaitumia katika kila jengo.

Kama kuna kuba, simama chini yake na uzungumze. Kuba hukusanya sauti kama kioo kilichobonyea ndani kinavyokusanya mwanga, na lile eneo linapokusanyikia likiwa kwenye usawa wa vichwa vya watu, kuna watakaosikia kila mnong'ono wakati walio hatua tatu pembeni hawaambulii kitu.

Hatua ya 2: Kaa kimya, sikiliza nje

Zima kila kitu, fungua programu ya kupimia desibeli kwenye simu, acha ipime kwa dakika tano. Simu si kifaa cha kitaalamu na inaweza kukosea kwa desibeli kadhaa, lakini inatosha kulinganisha mahali na mahali. Kisha washa feni zote, pima tena. Mara nyingi utagundua kwamba adui ameshafungwa darini na yupo kwenye orodha ya mali za ukumbi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka kelele za nyuma darasani, yaani zile zinazosikika hata watu wakinyamaza, zisizidi desibeli 35 wakati wa somo, na mvumo uwe karibu sekunde 0.6. Sauti ya mtu anayezungumza kawaida, umbali wa mita moja, ni kama desibeli 60. Mtoto anayejifunza anahitaji sauti ya mwalimu iwe juu ya kelele kwa desibeli 15 hivi. Mtu mzima anayeijua lugha vizuri hujaziajazia mapengo, mtoto hana cha kujazia. Sasa fikiria darasa lenye madirisha yanayotazama barabara kuu, na mtoto aliyekaa dawati la mwisho.

Hatua ya 3: Pima chumba, piga hesabu

Hapa tuwape heshima yao waliotangulia. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg ambao haukufaa kabisa: neno moja lilisikika kwa sekunde zaidi ya tano baada ya kutamkwa. Mhadhiri kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, akapewa kazi ya kuurekebisha. Alifanya kazi usiku mji unapotulia, akiwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia muda, na mito ya viti iliyobebwa kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre. Aliingiza mito kidogo kidogo, akapima mkia wa sauti kila mara. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni ambayo dunia inaitumia hadi leo, na kwa kanuni hiyo akashauri ujenzi wa Boston Symphony Hall uliofunguliwa mwaka 1900, mmoja wa kumbi za muziki zinazosifiwa zaidi duniani.

Kanuni yenyewe ni fupi:

T = 0.161 × V ÷ A

T ni muda wa mvumo kwa sekunde, yaani muda ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60. V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo. A ni jumla ya ufyonzaji: unachukua eneo la kila uso, unalizidisha kwa namba yake ya ufyonzaji, kisha unajumlisha. Namba hiyo ni sehemu ya sauti inayomezwa. Sifuri maana yake uso unarudisha kila kitu. Moja maana yake hakuna kinachorudi, kama dirisha lililo wazi, ambalo kwa hesabu hii ndilo kifyonzaji kamili.

Tuchukue ukumbi wa mfano unaofanana na kumbi nyingi za makanisa na shule zetu: urefu mita 20, upana 12, kimo 5. Ujazo ni mita 1,200. Madirisha ni mita za mraba 40, nusu yake yako wazi. Tunapiga hesabu kwa sauti ya hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, katikati ya mazungumzo ya watu.

- Sakafu ya marumaru: 240 × 0.01 = 2.4
- Dari ya jipsamu: 240 × 0.05 = 12
- Kuta zenye lipu: 270 × 0.02 = 5.4
- Milango ya mbao: 10 × 0.06 = 0.6
- Vioo vilivyofungwa: 20 × 0.18 = 3.6
- Madirisha yaliyo wazi: 20 × 1 = 20

Jumla ni 44. Zidisha 0.161 kwa 1,200 upate 193.2, gawanya kwa 44: sekunde 4.4. Hapo ukumbi hauna mtu. Viti vya plastiki havifyonzi cha kuhesabika.

Sasa waingize watu. Mtu mmoja aliyekaa na nguo zake hufyonza takriban 0.45. Watu 200 ni 90, jumla inakuwa 134, na mvumo unashuka hadi sekunde 1.4. Kumbe Jumapili ukumbi unavumilika! Lakini Jumatano jioni wakija watu 60, jumla ni 71 na mvumo unapanda hadi sekunde 2.7. Mvua ikinyesha mkafunga madirisha yote, unafika sekunde 3.5. Hii ndiyo sababu kamati hubishana bila kuelewana: mmoja anasema ukumbi ni mzuri, mwingine hausikii kitu, na wote wanasema kweli, kwa kuwa wamekuja siku tofauti.

Ushauri kwa anayejifunza: usipige hesabu ya ukumbi uliojaa peke yake. Piga ya mtupu, ya robo na ya uliojaa, madirisha wazi na madirisha yakiwa yamefungwa. Halafu rudia kwa hezi 125 na hezi 2,000, maana namba hubadilika. Jipsamu iliyo juu ya uwazi hucheza na kumeza besi vizuri, karibu 0.29 kwenye hezi 125. Dari ya zege haifanyi hivyo. Ndiyo sababu kwaya ileile, kwa kinanda kilekile, ikihamia ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa, besi inageuka uji.

Hatua ya 4: Pasua puto

Hesabu ni makadirio, sasa tupime. Subiri ukumbi utulie, usiku ni bora. Weka simu kwenye stendi, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, angalau mita moja kutoka ukutani. Zima kile kipengele cha simu kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kufanya hivyo, vinginevyo simu itaupandisha mkia wa sauti na kukudanganya. Msaidizi asimame jukwaani na puto lililojaa vizuri, alishike juu mbali na uso, alitoboe kwa sindano. Nyamazeni mpaka ukimya urudi kabisa. Mara tatu hapo, kisha hamisha simu. Vituo sita vinatosha kwa ukumbi wa kawaida.

Fungua sauti kwenye Audacity, programu ya bure, na ubadilishe mwonekano wa wimbi uwe wa desibeli. Utaona kilele halafu mteremko. Usianzie kwenye kilele chenyewe. Anzia pale sauti iliposhuka desibeli 5, pima muda mpaka iliposhuka desibeli 25. Hizo ni desibeli 20, zidisha muda wake kwa tatu, umepata mvumo. Ndivyo wataalamu wafanyavyo kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 3382, kwa sababu desibeli 60 kamili ni nadra kuonekana juu ya kelele za nyuma. Mteremko wako ushuke angalau desibeli 35 kabla haujamezwa na kelele, la sivyo rudia mji ukilala zaidi.

Puto ni dhaifu kwenye besi. Ukiwa na kompyuta, spika nzuri na maiki ya kupimia, hamia kwenye Room EQ Wizard, nayo ni ya bure: inapiga sauti inayopanda kutoka besi hadi juu, kisha inakupa mvumo wa kila kipande cha masafa. Lakini anza na puto. Mkono ulioshika sindano hujifunza kitu ambacho kitufe hakifundishi.

Kipimo kikitofautiana sana na hesabu, usikimbilie kuilaumu kanuni. Inachukulia kwamba ufyonzaji umesambaa sawasawa. Chumba chenye dari laini na kuta ngumu tupu hulia muda mrefu kuliko kanuni inavyosema, kwa sababu sauti inaendelea kudunda kati ya kuta bila kuigusa dari.

Hatua ya 5: Jaribio la maneno

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kuna kipimo cha kitaalamu kiitwacho STI, kinachotoka 0 hadi 1, ambapo 0.6 na kuendelea ni usikivu mzuri. Kipate ukiweza. Usipoweza, andika orodha ya maneno yanayotengana kwa konsonanti moja: faa na vaa, pima na bima, tamu na damu, saa na zaa, choma na soma, shaka na chaka, pata na bata, atarudi na hatarudi, alikuja na halikuja. Yachanganye yafike 50. Msomaji asome kwa sauti ya kawaida akiwa jukwaani, kila neno ndani ya sentensi ileile: "Sasa andika neno vaa." Sentensi ni muhimu, kwa kuwa ndiyo inayouamsha mvumo unaolifunika neno.

Wasikilizaji wawe wa rika mbalimbali, akiwemo mzee mmoja na mtoto mmoja, wakae sehemu tofauti, kila mtu aandike alichosikia. Kusanya karatasi, andika idadi ya maneno sahihi kwenye mchoro wa ukumbi, pale kila mmoja alipokaa. Ramani ya ugonjwa itajichora yenyewe. Karatasi hizo zitunze, tutazihitaji.

Hatua ya 6: Chagua lengo

Kwa darasa, sekunde 0.6 au chini. Kwa ukumbi wa mazungumzo wa ukubwa wa mfano wetu, karibu sekunde 1. Kwaya bila vyombo inapenda zaidi, 1.5 hadi 2, maana sauti zinahitaji kushikana. Kwa hiyo ukumbi wa ibada yenye mahubiri na kwaya lazima upatanishwe. Ongea na mwalimu wa kwaya mapema, usimshtukize na paneli.

Kwa ukumbi wetu ningechagua sekunde 1.5 ukiwa na watu 60. Gawanya 193.2 kwa 1.5, unapata 128.8. Tayari tunazo 71, zinazopungua ni karibu 58. Paneli ya pamba ya madini (nyuzi za mawe zilizoshindiliwa) yenye unene wa sentimita 5 hufyonza kama 0.85. Toa 0.05 ya jipsamu inayofunikwa, faida halisi ni 0.8 kwa kila mita ya mraba. Gawanya 58 kwa 0.8: mita za mraba 72. Pamba huuzwa kwa vipande vya mita 1.2 kwa 0.6, viwili vikipangwa pamoja vinatoa paneli ya mita 1.2 kwa 1.2. Paneli 50. Ukumbi ukijaa watu 200, mvumo utakuwa sekunde 1, mahali pazuri kabisa.

Kama bajeti haitoshi, kuna njia nyingine ya kuupunguza ule utofauti wa Jumatano na Jumapili: viti vyenye mito ya kitambaa. Kiti kitupu chenye mto hufyonza karibu sawa na aliyekikalia, hivyo ukumbi haubadiliki tabia watu wakiwa wachache.

Hatua ya 7: Paneli zikae wapi

Usiziweke zote mahali pamoja. Anza na ukuta wa nyuma, kuanzia usawa wa kichwa cha aliyekaa kwenda juu. Hapo unaua ule mwangwi wa mita 36. Kisha rudi kwenye alama zako za "trrrrr": paneli upande mmoja wa kila jozi ya kuta zinazotazamana, zikipishana, si lazima pande zote mbili. Zinazobaki ziende darini, kwenye kingo na nusu ya nyuma. Dari iliyo juu na mbele kidogo ya msemaji iache iwe ngumu! Ndiyo inayomsaidia kwa kutuma marudio ya mapema kwa watu wa nyuma. Nimewahi kuona mtu amefunika eneo hilo kwanza kwa sababu ngazi ilikuwa karibu nalo.

Kutawanya sauti nako ni dawa. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani. Vina kazi na uzuri wake, lakini kwa sikio ni somo: ukuta wenye vina na kingo hauwezi kurudisha sauti kwa mpigo mmoja kama ukuta bapa. Kabati la vitabu, nguzo na ukuta wa matofali yaliyochomoza na kuzama hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo.

Hatua ya 8: Tengeneza paneli, na chunga moto

Unda fremu ya mbao. Weka pamba ya madini yenye uzito wa kilo 40 hadi 80 kwa mita ya ujazo. Vaa glavu na barakoa, nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa: kibandike mdomoni, pulizia, pumzi ikipita bila shida, sauti nayo itapita. Gunia la katani hupita mtihani huu, turubai na ngozi bandia hufeli. Kisha acha nafasi ya sentimita 5 kati ya paneli na ukuta kwa kupigilia vibao nyuma. Nafasi hiyo ya hewa haikugharimu kitu, nayo huongeza ufyonzaji wa sauti nzito kana kwamba umeongeza unene.

Trei za mayai hazifai. Ni nyepesi na nyembamba mno kufyonza sauti za mazungumzo ipasavyo, hazizuii kelele, na zinashika moto kama karatasi, maana ndivyo zilivyo. Magodoro ya sponji ni hatari zaidi. Tarehe 27 Januari 2013, katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, fataki ziliwasha sponji ya sauti iliyokuwa darini. Moshi wake wa sumu uliua watu 242, wengi wao vijana. Miaka kumi kabla, Februari 2003, watu 100 walikufa kwa namna hiyohiyo katika klabu moja Rhode Island, Marekani. Pamba ya madini haiungui. Kitambaa kinaungua, kwa hiyo dai kilichotiwa dawa ya kuzuia moto, na ukate kipande ukijaribu mwenyewe nje kwa kiberiti kabla hujalipa. Katika hili sitaki mtu yeyote apunguze gharama.

Hatua ya 9: Mvua juu ya mabati

Mwalimu wa shule yenye paa la mabati matupu anajua: mvua ikianza, somo limekwisha. Bati la geji 30 lina uzito wa kama kilo 2 tu kwa mita ya mraba. Kila tone linaligonga kama ngoma. Paneli za ndani zitapunguza makelele hayo kidogo, desibeli 3 ukifanikiwa kuzidisha ufyonzaji mara mbili, lakini chanzo kinabaki palepale juu.

Dawa ni kuweka uzito na nafasi chini ya bati. Dari ya jipsamu isiyo na mianya, ikining'inia mbali na bati, na pamba ya madini ikilazwa juu yake, hubadilisha darasa kabisa. Kila uzito unapozidishwa mara mbili, kizuizi huongezeka kwa takriban desibeli 6. Ndiyo maana dari ya vibao vyembamba au ya kitambaa haisaidii sana. Kama ndiyo kwanza mnajenga, vigae vya udongo hunyamaza kuliko bati, na bati lenye changarawe juu hupunguza ukali wa matone. Kuhusu makuti, anayelala chini yake anajua: mvua inasikika kama mnong'ono na chumba hakivumi.

Kanuni ya mianya ni hiyohiyo kwa kelele za jirani. Ukuta mzito wenye mlango unaoacha upenyo wa kidole chini ni kama ndoo yenye tundu. Ziba mlango kwanza. Na kama ni ninyi mnaopiga kelele, kumbukeni Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009 na Tanzania tangu 2015, na jirani anazo namba za simu.

Hatua ya 10: Sasa spika

Kuna umbali ambao zaidi ya hapo msikilizaji anapata mvumo mwingi kuliko sauti ya moja kwa moja. Unakokotolewa hivi: 0.057 mara kipeuo cha pili cha (Q × V ÷ T), ambapo Q inaonyesha jinsi chanzo kinavyoelekeza sauti upande mmoja. Kwa spika yenye Q ya 10 kwenye ukumbi wetu wa Jumatano kabla ya tiba, umbali huo ni mita 3.8. Baada ya tiba ni mita 5.1. Zingatia kwamba sauti kubwa au ndogo haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Ukipandisha kitufe cha mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, sauti na mvumo vinapanda pamoja, na umbali haubadiliki hata kwa sentimita.

Kwa hiyo spika ziinuliwe na kuinamishwa ziwatazame watu, zisitazame kuta wala dari. Spika nyembamba za mnara hufaa kumbi hizi kwa kuwa hazirushi sauti nyingi juu. Kwenye ukumbi mrefu, jozi ndogo ya pili katikati, iliyocheleweshwa kwa milisekunde 3 kwa kila mita inayoitenga na ile ya mbele, hushinda jozi moja kubwa inayopiga kelele.

Hatua ya 11: Rudia kila kipimo

Pasua maputo palepale, simu palepale. Soma orodha ileile ya maneno, mpangilio ukiwa umechanganywa upya, na wasikilizaji wakae viti vilevile. Ziweke karatasi za zamani na mpya bega kwa bega mbele ya kamati. Watu wasioelewa desibeli wanaelewa mara moja mzee wao anapotoka kwenye nusu ya maneno akakaribia yote.

Ukitaka kuwa fundi wa kweli, weka daftari la vyumba. Bafuni kwako, sebuleni, darasani, msikitini, kwenye baa ya makuti, kwenye ngazi za ghorofa: piga kofi, kadiria sekunde kwa sikio, andika, kisha pima uone ulikosea kwa kiasi gani. Baada ya vyumba thelathini sikio lako litakuwa linakaribia puto.

Na urudi kukagua baada ya mwaka. Mafundi rangi hupenda kupaka paneli ili zifanane na ukuta, na rangi ya mafuta huziba vinyweleo vya kitambaa, ikageuza paneli kuwa ubao mgumu. Fanya lile jaribio la kupuliza kwenye kila paneli. Isiyopitisha pumzi, vua kitambaa chake, weka kingine, na uandike nyuma ya fremu kwa kalamu nzito: USIPAKE RANGI.